Nyayo Kando ya Mfereji wa Tupendane

Maiti ya Balozi Thadeo ilikutwa asubuhi kando ya mfereji wa shamba la kijiji, imelazwa chali, mikono imekunjwa kifuani, macho yamefumbwa. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na pigo moja tu. Uso ulikuwa safi, umeoshwa. Vifungo vya shati la mikono mirefu vilikuwa vimefungwa vyote mpaka shingoni.

Inspekta Timotheo Chilewa wa polisi Kilosa alisimama hatua chache kutoka pale, akaitazama maiti.

"Nani amemlaza hivi?" aliuliza.

"Ndivyo tulivyomkuta, afande," akajibu mwenyekiti wa kijiji. "Hakuna aliyemgusa. Watu waliogopa."

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano, katikati ya masika. Kijiji cha ujamaa cha Tupendane, upande wa Masanze, kilikuwa hakijatimiza mwaka. Watu wake waliteremshwa kwa malori kutoka milima ya juu ya Kisanga wakati wa Operesheni Vijiji, wakaja na vinu vyao, kuku wao na milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao za zamani. Kijiji kilikuwa na ofisi, ghala na bendera. Makaburi kilikuwa hakina bado.

Thadeo alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu mpole, asiyependa kupaza sauti. Usiku ule mvua ilinyesha sana, na kulipoanza kupambazuka alimwambia mkewe kwamba anakwenda kuzibua mfereji, mahindi ya kijiji yasije yakaoza. Alibeba jembe lake akaenda peke yake. Jembe hilo sasa lilikuwa ndani ya maji, mpini ukielea.

Mvua iliyokatika kabla ya kucha ilikuwa imeuacha udongo mweusi wa pale laini kama unga uliokandwa. Kila aliyepita alikuwa ameacha alama ya mguu wake. Timotheo aliwaomba watu warudi nyuma kwa njia ileile waliyojia, kisha akachuchumaa. Nyayo za wanakijiji zilikuwa nyingi, lakini zote zilikoma mbali na maiti, pale hofu ilipowashika. Ukiacha marehemu mwenyewe, ni mtu mmoja tu aliyefika mpaka kichwani. Na hapo, karibu kabisa na bega la marehemu, palikuwa na mashimo mawili ya mviringo, yamezama sana.

"Magoti," alisema Sajini Kondo.

"Magoti," alikubali Timotheo. "Na alikaa hapo. Angalia yalivyozama."

Sajini Kondo alikuwa mzaliwa wa Kimamba, mwana wa fundi wa reli, mtu wa vitendo. Alitazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya tena juu ya milima, akaenda nyumba za karibu kuazima makarai na ungo wa kufunikia nyayo zile mvua isije ikazifuta. Kisha akakoroga unga wa jasi ndani ya kopo, akaumimina taratibu katika wayo mmoja mmoja.

Wakati jasi ikikauka, Timotheo alipima na kuchora. Chuoni Moshi, mkufunzi wao aliwafundisha wasikimbilie urefu wa mguu, maana watu wengi wana urefu mmoja. Aliwaambia watazame uzito unaangukia wapi, vidole vimekaaje, kipi hakigusi chini, na hatua moja inaifuata nyingine kwa namna gani. Dalili moja haimfungi mtu. Zikikutana nyingi katika mguu mmoja, hapo ndipo mpelelezi anapoweza kuanza kufikiri.

Hapa zilikuwa nyingi. Wayo wa kulia ulikuwa mpana mbele, vidole vimetawanyika, gumba limejitenga na wenzake kama miguu ya watu ambao hawajapata kuvaa viatu. Kidole cha mwisho hakikugusa udongo kabisa. Kisigino kilikuwa na ufa mrefu uliopinda kama mundu. Mguu wa kushoto uligeukia nje, na sehemu yake ya mbele haikuzama, kana kwamba mwenyewe huukanyaga kwa kuuonea huruma. Hatua zilikuwa fupi.

"Alikuja polepole," Timotheo alisema. "Akaondoka polepole zaidi."

"Hakukimbia?"

"Hakukimbia."

Zile nyayo zilikwenda mpaka barabara ya changarawe, zikapotea hapo.

Daktari wa serikali mjini Kilosa aliuchunguza mwili mchana huohuo. Alisema kifo kilitokana na pigo la kitu butu kizito, kama kisogo cha jembe, na kwamba marehemu hakuteseka kwa muda mrefu. Kisha akakunja mikono mirefu ya lile shati, akamwonyesha Timotheo jambo jingine. Kuanzia viganjani mpaka viwikoni, upande wa ndani wa mikono yote miwili, ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa. Yalikuwa makovu ya moto. Si ya juzi, alisema daktari, ni ya miezi kadhaa.

Timotheo alikwenda kumuuliza Bibiana, mke wa marehemu, aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka katikati ya wanawake. Alijibu bila kuinua uso kwamba mwaka jana mumewe alikuwa akichoma shamba, moto ukamzidi nguvu. Timotheo aliandika hivyo, ingawa daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba anayezidiwa na moto wa shamba huungua miguu kwanza.

Nje, juu ya kigoda, alikaa Mzee Nikolaus, mjomba wa marehemu. Timotheo mwenyewe alikuwa Mkaguru wa upande wa Berega, hakuhitaji kuelezwa. Kwa watu wa milima ile mtoto ni wa mjomba. Mjomba ndiye humwozesha, ndiye humsuluhisha na mkewe, na akifa, mjomba ndiye humzika. Alipiga goti moja akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Pole sana kwa msiba."

"Nimepoa."

Alimuuliza maswali machache, kwa sauti ya chini. Mzee alijibu kwamba asubuhi ile alikuwa macho, kwa kuwa tangu afiwe na mkewe usingizi ulimhama. Hakumjua mtu aliyemchukia Thadeo. Wala hakuuliza polisi wamefikia wapi. Timotheo alifikiri ni uchungu, akamwacha apumzike.

Alasiri iliyofuata Sajini Kondo alimwagia maji kipande cha ardhi kando ya ghala, na wanaume wote wa kijiji wakapita juu yake pekupeku, mmoja baada ya mwingine. Wafiwa hawakuitwa. Ingekuwa aibu kuwainua watu msibani ukawakanyagishe tope. Katika nyayo zote zile hapakuwa na hata moja iliyolingana na zile za mfereji.

Lakini mtu mmoja alikosekana. Vitalis, jirani wa marehemu, alikuwa ametoweka tangu siku ya mauaji, na watu walikumbuka kwamba jioni ya kuamkia siku hiyo yeye na Thadeo walirushiana maneno kwenye mkutano wa kijiji. Ugomvi ulikuwa juu ya kiwanja cha nyumba. Waliokaa mbali walisikia kelele tu. Waliokaa karibu, kila walipoulizwa maneno yalikuwa yapi, walisema wamesahau.

Walimpata Mikumi, pale malori ya kwenda Iringa yanaposimama, akiomba lifti na kifurushi cha nguo mkononi. Timotheo alimhoji katika chumba cha nyuma cha kituo cha hapo.

"Kwa nini umetoroka?"

"Sikutoroka, afande. Natafuta kazi."

"Bila kumuaga mkeo?"

Vitalis alikikumbatia kifurushi chake.

"Uligombana na Thadeo."

"Kwa ajili ya kiwanja. Alinipa mahali penye maji."

"Ukamwambia nini?"

"Maneno ya hasira tu."

"Yapi?"

"Siyakumbuki."

"Una kumbukumbu mbaya kama kijiji chako chote," alisema Timotheo. "Vua viatu."

Nyuma ya kituo walilowesha udongo, wakamwambia apite kwa mwendo wake wa kawaida, kwenda na kurudi. Sajini Kondo alichuchumaa na futi yake. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umechangamka.

"Urefu ni uleule, afande. Hakuna tofauti."

Alikuwa amekwisha kutoa pingu. Timotheo alimwashiria angoje. Alizitazama zile nyayo, akaiweka sanamu ya jasi kando ya mmoja wao. Urefu ulikuwa sawa kweli. Lakini vidole vya Vitalis vilikuwa vimebanana kama watu waliolala kitanda kimoja, na kidole cha mwisho kilikuwa kimejichora waziwazi kwenye tope. Kisigino kilikuwa laini. Miguu yote miwili ilielekea mbele, na uzito wake ulikuwa sawasawa.

"Umefanya kazi wapi?" Timotheo alimuuliza.

"Mashamba ya mkonge, Kimamba. Tangu kijana."

"Mlipewa viatu?"

"Mabuti, afande."

Timotheo alimwambia Sajini arudishe pingu mfukoni. Kondo hakufurahi, alisema mtu asiye na kosa hakimbilii Iringa. Timotheo alikubali kwamba Vitalis alikuwa na jambo, lakini miguu ile haikufika pale mfereji ulipo. Walipomwambia hivyo mwenyewe, badala ya kushukuru alikaa chini kwenye udongo uleule akalia. Akaomba wasimrudishe Tupendane. Wamfungie Kilosa au popote, lakini Tupendane asingeweza kurudi.

Thadeo alizikwa siku iliyofuata. Kaburi lake likawa la kwanza katika kijiji, chini ya kilima kidogo, mahali ambapo kamati ilikuwa bado haijakubaliana kama pawe pa shule. Katekista alisoma sala. Jeneza liliposhushwa, watu walimpisha Mzee Nikolaus, maana mjomba ndiye wa kwanza kutia udongo. Aliinuka kwenye kigoda. Alivua makatambuga yake, akayaweka pembeni, akatembea juu ya udongo mbichi mpaka ukingoni.

Timotheo alikuwa upande wa pili, kofia mkononi. Hakuwa akichunguza chochote. Alikuwa akiitikia sala kama wengine. Alimwona mzee akiutupa mguu wa kushoto nje kidogo kila alipopiga hatua, akaushusha kwa uangalifu, kama mtu mwenye maumivu ya zamani. Alimwona akiinama, akichota udongo kwa mikono miwili, akiutia kaburini, akirudi. Kisha macho yake yakateremka yenyewe mpaka kwenye udongo mzee alipokanyaga.

Kidole cha mwisho cha mguu wa kulia hakikuacha alama. Gumba lilikuwa limejitenga. Kisigino kilikuwa na ufa uliopinda.

Alitazama juu. Mawingu yalikuwa mazito, na kwa kitambo kifupi mtu yule ambaye kazi yake yote ilikuwa kuzuia nyayo zisifutike alitamani mvua inyeshe.

Haikunyesha. Watu walipoanza kusogea kutia udongo, alikwenda akasimama kando ya wayo ule ili usikanyagwe. Sajini Kondo alimtazama, akatazama chini, akaelewa. Alizunguka taratibu akachukua karai lililotumiwa na wachimba kaburi, na watu wengi walipokwisha kugeuka kwenda kunawa mikono, akaufunika.

Sanamu mbili za jasi zililala jioni ile juu ya meza ya Timotheo, moja ya mfereji, moja ya kaburi. Alizilinganisha kwa lenzi, sehemu moja baada ya nyingine, akitafuta tofauti. Alijua kwamba ndugu wa damu wanaweza kufanana miguu, kwa hiyo hakuridhika na umbo. Alitazama ule ufa wa kisigino, ulivyoanza, ulivyopinda, mahali ulipogawanyika karibu na mwisho. Ufa haurithiwi. Ulikuwa uleule.

Kabla ya kwenda popote alimtoa Vitalis mahabusu.

"Mkutanoni, Mzee Nikolaus alikuwepo?"

Vitalis alimtazama, akaona kwamba mambo yamefika mwisho. "Alikuwa amekaa nyuma yangu. Sikumwona, afande. Naapa sikumwona."

"Ulisema nini?"

"Nilimwambia Thadeo, leo unajifanya mtu wa haki, lakini ni wewe uliyewaongoza wale vijana wa mgambo mpaka nyumbani kwa Domina, ukawaambia nyumba haina mtu, wakaichoma."

Domina alikuwa mke wa Mzee Nikolaus.

Asubuhi Timotheo na Sajini walipofika Tupendane, mzee alikuwa nje ya nyumba yake, amevaa kanzu yake ya kanisani. Waliamkiana. Aliuliza kama wamekuja na gari. Walipomjibu kwamba Landrova iko barabarani, alisema ni vizuri, maana mguu wa kushoto ulimsumbua tangu juzi. Aliufunga mlango wake kwa kamba, akatangulia.

Katika ofisi ya Kilosa Timotheo alimpa onyo kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema lolote. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaziangalia zile sanamu mezani.

"Huu ni mguu wangu?"

"Ndiyo, mzee. Huu ni wa mfereji. Huu ni wa kaburini."

Aliugusa ule ufa kwa kidole. "Domina alikuwa akiupaka mafuta ya nyonyo," alisema. Kisha akaanza kueleza, wala hakuhitaji kuvutwa.

Siku ile ya kuhama, alisema, Domina alikuwa mgonjwa, hawezi kusimama. Lori la kwanza lilikuwa limejaa na lilirukaruka vibaya. Akaona ateremke yeye na vitu, ajenge kibanda, halafu arudi na vijana wamchukue mkewe kwa machela. Alimwacha na maji na uji. Aliporudi siku ya pili alikuta majivu, na mwili umefunikwa kanga uani. Watu wa operesheni walimwambia kwamba moto ulitoka jikoni. Aliamini. Walimzika Domina kulekule mlimani, na Thadeo hakuja. Walisema ameungua akichoma shamba, yuko kitandani. Hilo nalo aliliamini.

"Ndipo ukamsikia Vitalis," alisema Timotheo.

"Ndipo nikamsikia."

"Ukafanya nini?"

"Nilikaa mpaka kukapambazuka. Nikamsikia Thadeo akipita na jembe. Nikamfuata."

"Kwa nia ya kumuua?"

Mzee alifikiri. "Kwa nia ya kumuuliza. Lakini sitasema uongo mbele yako kwamba najua moyo wangu ulikuwaje. Sijui."

"Mkasema nini?"

"Nikamuuliza, Thadeo, siku ile ulikuwepo? Akasema, nilikuwepo, mjomba. Nikamuuliza, uliwaambia nyumba haina mtu? Akasema, niliwaambia. Jembe lake alikuwa ameliegemeza ukingoni. Akafungua kinywa tena. Sikumngoja."

Kalamu ya Sajini Kondo ilisimama juu ya karatasi.

"Baada ya hapo?"

"Nikapiga magoti. Nikamwosha uso kwa maji ya mfereji. Nikamfunga vifungo."

"Kwa nini ulimlaza vile, mzee?"

Mzee Nikolaus alimtazama kana kwamba swali lile ni la mtoto. "Angelazwa na nani? Mimi ndiye mjomba wake."

Sajini alimsomea maelezo yake. Mwishoni paliandikwa maneno aliyoyasema mwenyewe: nilimuua mtu aliyemchoma mke wangu. Alitia saini kwa mwandiko wa shule ya misheni, herufi kubwakubwa, zilizosimama wima.

Kesi ilikuwa imekwisha. Mkuu wa polisi wa wilaya alimpongeza Timotheo, akasema kazi ya nyayo namna ile inastahili kufundishiwa wengine. Timotheo alishukuru. Lakini yale makovu yalikuwa bado yanamsumbua. Alichukua Landrova akarudi Tupendane.

Bibiana alikuwa akipepeta mahindi. Alipomwona Inspekta peke yake aliweka ungo chini. Timotheo alimwambia ni nani aliyemuua mumewe na kwa nini. Hakulia. Aliokota punje zilizodondoka, moja moja.

"Mama, mumeo hakuungua shambani."

"Hapana."

Alisimulia polepole. Thadeo alipewa kazi ya kuwaonyesha vijana wa mgambo njia za mlimani, kwa sababu alizijua. Nyumba zilizokwisha kuhamwa zilitiwa moto, watu wasirudi. Walipofika kwa Domina, Thadeo aliona mlango umeng'olewa na mkeka wa barazani haupo, akadhani amekwisha kuchukuliwa na lori la pili. Akasema hamna mtu. Wakawasha. Paa liliposhika vizuri, alisikia mtu akikohoa ndani.

"Aliingia," alisema Bibiana. "Wenzake walimshika shati, akawaponyoka. Kitanda kilikuwa kinawaka. Alimbeba hivi, kama mtoto, akatoka naye. Domina akafia mikononi mwake pale uani. Yule kiongozi wao akawaambia wote waseme ni moto wa jikoni."

"Naye akakubali?"

"Alikuwa haongei. Alilala wiki nyingi, mikono imefungwa majani. Alisema mikono ikipona atakwenda mwenyewe kwa mjomba, amwambie yote. Ikapona. Akasema baada ya mavuno. Halafu akasema baada ya Krismasi. Kila siku alikuwa akienda, anafika mlangoni, anaamkia, anarudi."

"Kwa nini hukuniambia nilipokuuliza?"

"Wewe ulikuwa unatafuta aliyemuua mume wangu. Sikujua kwamba ni jambo moja."

Bibiana alijifuta mikono kwenye kanga yake.

"Mjomba amekwisha kuambiwa?"

"Bado."

"Basi usimwambie wewe. Nitakwenda mimi."

Alikuja Kilosa siku ya pili kwa lori la ushirika, na bakuli la chakula limefungwa kwenye kitambaa. Kanuni hazikuruhusu mjane wa marehemu kuonana na mshtakiwa. Timotheo alimfungulia mlango, akasimama pembeni.

Mzee alikuwa amekaa juu ya jamvi. Alipoona ni nani ameingia aligeukia ukuta.

Bibiana alipiga magoti. "Shikamoo, mjomba."

Mzee hakuitika.

Alingoja kidogo. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, alimweleza yote, kwa lugha yao ya milimani, ambayo Timotheo aliielewa nusunusu kwa kuwa haiko mbali na ya kwao. Hakumlaumu mtu. Alieleza ule mlango, ule mkeka, kile kikohozi. Alipofika kwenye mikono aliinyoosha yake mwenyewe, akaonyesha alivyobebwa Domina.

Mabega ya mzee yalishuka. Nje treni ya mizigo ilipita kuelekea Kimamba.

"Alifungua kinywa," alisema hatimaye kwa Kiswahili, kana kwamba anamwambia Inspekta. "Nilimwona akifungua kinywa. Ni hili alilotaka kusema."

Bibiana alifungua kile kitambaa, akamsogezea chakula, akarudia salamu yake kwa sauti ileile ya kwanza.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee aligeuka kutoka ukutani. Midomo yake ilihangaika na lile neno.

"Marahaba, mwanangu."

Bibiana alikaa naye mpaka alipokula matonge machache. Alipokwisha kuondoka, mzee aliomba kuonana na Timotheo. Aliomba yaletwe yale maelezo aliyotia saini, akataka yasomwe tena sehemu ya mwisho.

"Hapo ufute," alisema. "Pale niliposema nilimuua mtu aliyemchoma mke wangu."

Timotheo alimweleza kwamba maelezo yaliyotiwa saini hayafutwi. Kinachoweza kufanyika ni kuongeza chini yake, naye atie saini tena. Akamweleza vilevile, kwa kuwa ulikuwa wajibu wake, kwamba hakimu angeweza kumhurumia mtu aliyeua kwa uchungu wa mkewe. Akiondoa neno lile, anaondoa huruma hiyo.

"Naelewa," alisema mzee. "Ongeza."

"Niandike nini?"

"Andika, nilimuua mpwa wangu Thadeo."

Timotheo alichukua kalamu kwa Sajini Kondo, akayaandika maneno yale yeye mwenyewe. Kisha akamgeuzia mzee karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia saini.